Kichwa kinarudi kila wiki na taya linaalika: mwongozo kamili wa kujua kama taya ndo linachochea kichwa na kipandauso chako

Huku kwetu kichwa kikikusumbua mlolongo unajulikana, unaanza na kipimo cha malaria, kikitoka hamna kitu unapimwa presha, presha ikiwa fresh unaambiwa ni macho, unakata miwani, miwani haibadilishi chochote, mwishowe mtu anakwambia punguza mawazo. Taya halitajwi hata mara moja. Na upande mwingine kuna yule ambaye maumivu yanatoka kwenye misuli ya taya ila yeye anayasikia kwenye gego, anaenda kung'oa gego zima lisilo hata na tundu, wiki inayofuata maumivu yako pale pale, anang'oa la pili. Au anayasikia sikioni, anawekewa matone ya antibayotiki, sikio lenyewe halina usaha wala nini.

Niseme msimamo mapema ili usije ukasoma kwa matumaini hewa. Shida ya taya inaweza kuleta maumivu ya kichwa yenyewe kama yenyewe, hilo linakubalika, liko hadi kwenye orodha ya kimataifa ya aina za maumivu ya kichwa, toleo la tatu la mwaka 2018, lina kipengele chake. Na kwa mtu ambaye tayari ana kipandauso, taya linaweza kufanya kije mara nyingi zaidi na kikae zaidi. Ila taya haliundi kipandauso kwa mtu ambaye hana asili nacho. Kwa hiyo ukitibu taya kichwa kitapungua, pengine sana, lakini anayekuuzia kifaa kwa ahadi kwamba kipandauso kitaisha moja kwa moja huyo anataka hela yako.

Kwanza elewa vinaunganaje

Weka vidole vyako kwenye panja zote mbili, halafu kaza meno, achia, kaza tena. Umesikia kitu kinavimba chini ya vidole? Huo ni msuli wa kutafunia, umetandazwa ubavuni mwa kichwa kuanzia panja mpaka juu ya sikio, unashuka chini ya mfupa wa shavu na kujifunga kwenye taya la chini. Yaani sehemu ya taya lako iko kichwani kabisa. Mtu anayekaza meno usiku kucha huo msuli unafanya kazi usiku kucha, asubuhi anaamka panja zinauma anasema nimelala vibaya.

Mwingine uko shavuni, ule unaotuna ukikaza meno karibu na kona ya taya, huo ndo unaotuma maumivu kwenye magego mpaka watu wanang'olewa meno mazima. Na kiungo chenyewe kiko mbele tu ya sikio, ingiza ncha ya kidole kidogo sikioni, fungua na funga mdomo, utakisikia kinatembea. Ndani yake kuna kisahani cha gegedu kinachoteleza katikati ya mifupa miwili, kikitoka nje ya nafasi yake kidogo kisha kikarudi ndo unasikia ule mlio wa kualika.

Halafu kuna suala la neva. Hisia karibu zote za uso zinabebwa na neva ya tano ya ubongo, ina matawi 3, moja la paji na macho, moja la shavu na meno ya juu, moja la taya la chini ambalo ndo linaendesha pia misuli ya kutafunia. Neva hiyo hiyo inabeba maumivu ya utando unaofunika ubongo, na kule ndiko maumivu ya kipandauso yanakotokea. Zote hizo zinaishia kituo kimoja shinani mwa ubongo, kituo ambacho kinashuka mpaka kwenye shingo na kupokea neva za juu za shingo pia. Ni kama wapangaji watatu wanaotumia mita moja ya Luku, umeme unaisha haraka na hamna anayejua nani kapitisha pasi usiku. Ndo maana shingo, taya na kichwa vinasingiziana hivi, na ndo maana taya likituma maumivu miezi na miezi kile kituo kinakuwa chepesi kushtuka, kitu kidogo tu, harufu ya pafyumu au usingizi mchache, tayari kichwa kimeamka.

Na inaenda pande zote mbili. Kipandauso kikija chenyewe kinaweza kufanya panja, taya na hata ngozi ya kichwa viume kugusa, na mtu mwenye maumivu makali anakaza meno bila kujua. Kwa hiyo kama taya lako linauma siku za kichwa tu, na siku nyingine zote unatafuna mahindi ya kuchoma bila shida, usilikimbilie taya, hapo kipandauso ndo kinaongea.

Hatua ya 1: toa ya hatari kwanza

Hii usiruke hata kama una uhakika kwamba ni taya. Nenda hospitali, siyo duka la dawa, kama kichwa kimekuja ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja hivi, kama kuna homa na shingo ngumu, kama upande mmoja wa mwili umelegea au ulimi umekuwa mzito, umepata degedege, au kichwa kimeanza baada ya kugonga kichwa. Homa na kichwa bila shingo ngumu bado unapima malaria kama kawaida, siyo kwamba taya limefuta malaria. Mjamzito aliyepita wiki 20 akiumwa kichwa kikali, akaona nyota nyota au kuvimba uso, presha ipimwe siku hiyo hiyo, maana kifafa cha mimba hakisubiri. Anayeishi na VVU akipata kichwa kipya kinachozidi siku hadi siku asinywe Panadol akalala, aende, kuna homa ya uti wa mgongo ya fangasi inayoanza taratibu hivyo hivyo.

Halafu kuna hatari zinazojifanya ni taya, hizi watu wengi hawazijui:

- Taya linakaza siku kadhaa baada ya kuchomwa na msumari au kupata kidonda: pepopunda. Kimbia.
- Umri umepita 50, kichwa ni kipya, panja linauma kugusa na taya linachoka ukitafuna, ukiacha linatulia: hiyo inaweza kuwa mishipa ya damu ya panja imevimba, na mtu anaweza kupoteza macho kabisa. Haraka sana.
- Taya linauma ukipanda ngazi au ukitembea, likaacha ukipumzika, labda na jasho na kifua kubana: huo ni moyo mpaka ithibitishwe vingine.
- Umepewa dawa ya kuzuia kutapika aina ya metoklopramaidi (wengi wanaijua kama Plasil) au dawa za akili kama haloperidol, ghafla taya linapinda, shingo inajikunja, macho yanapanda juu: watu wanadhani mapepo, ni dawa, na kuna sindano inafungua fasta.
- Mtafuna tambuu au gutka ambaye mdomo unazidi kuwa mdogo mwezi hadi mwezi na ndani ya mashavu kumekuwa kugumu: hiyo siyo kiungo, ni ngozi ya ndani inakakamaa kwa sababu ya popoo, na inaweza kugeuka saratani.

Maumivu ya sekunde chache kama shoti ya umeme ukigusa shavu au kupiga mswaki nayo ni kitu kingine, neva yenyewe, ina dawa zake.

Hatua ya 2: kichwa chako ni cha aina gani

Kipandauso chenyewe kina tabia zake. Bila dawa kinakaa kati ya saa 4 na 72, mara nyingi upande mmoja, kinapwita, kinazidi ukitembea au kupanda ngazi, kichefuchefu au kutapika, mwanga na kelele havivumiliki, mtu anataka chumba cha giza. Wengine kabla hakijaanza wanaona mawimbi au vimulimuli mbele ya macho.

Kichwa kinachotokana na taya ni tofauti kidogo. Kinakaa zaidi panjani, upande mmoja au pande zote mbili, kinabana zaidi kuliko kupwita, mara nyingi kiko kibaya asubuhi ukiamka (mkazaji wa usiku) au jioni baada ya kazi (mkazaji wa mchana), na kinabadilika kutokana na unachofanya na taya: kutafuna nyama ngumu, kuongea muda mrefu, kupiga miayo, kukaa mdomo wazi kwa daktari wa meno. Kichefuchefu si kawaida yake.

Wengi wenye usumbufu wa muda mrefu wana vyote viwili. Usilazimishe kuchagua kimoja.

Kichwa cha asubuhi kwa mtu anayekoroma sana na kusinzia mchana, hasa mwenye mwili mkubwa, kinaweza pia kuwa shida ya kupumua usingizini, na watu hao wengine wanasaga meno pia. Muulize unayelala naye, yeye ndo shahidi.

Hatua ya 3: jipime mbele ya kioo

Hapa ndo penye utamu wa jambo lote, na hutumii hela.

Anza na vidole vitatu. Fungua mdomo mpaka mwisho, jaribu kuingiza vidole vitatu vya katikati vikiwa vimesimama, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia uko sawa. Viwili tu vikiingia, mdomo hauna nafasi, kawaida mtu mzima anafungua milimita 40 na zaidi, ukiwa chini ya 35 hivi kuna kitu kinazuia. Kama umelala vizuri umeamka mdomo hauvuki vidole viwili, na zamani taya lilikuwa linaalika na sasa mlio umepotea, kile kisahani kinaweza kuwa kimekwama mbele, usilazimishe kwa nguvu, tafuta mtaalamu mapema.

Pili angalia njia. Fungua taratibu ukitazama mstari wa katikati ya meno ya chini. Ukinyooka, safi. Ukienda kona kisha ukarudi katikati, kisahani kinatoka na kurudi. Ukipinda upande mmoja ukabaki huko, upande ule unaopindia ndo mara nyingi wenye kizuizi.

Kuhusu mlio: kualika peke yake, bila maumivu na bila kukwama, si ugonjwa. Watu kibao wanaalika wanaishi hadi uzee. Acha tu kuchezea, maana kuna wanaoalisha taya makusudi kama wanavyoalisha vidole, kila saa, halafu wanalalamika.

Tatu, na hii ndo ya maana kuliko zote, bonyeza. Sasa ubonyeze kwa nguvu gani? Wataalamu kwenye vigezo vyao vya kupima shida za taya vya mwaka 2014 wanatumia uzito wa kilo 1 kwenye misuli. Chukua mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki, weka vidole viwili juu yake na usukume mpaka isome kilo moja, rudia rudia mpaka mkono ukariri. Utashangaa, wengi wanabonyeza kidogo mno upande wenye afya na kwa nguvu mno upande unaouma, halafu wanasema "ona, huku kunauma". Ukishakariri, bonyeza panja mbele, katikati, na nyuma juu ya sikio, sekunde 2 kila sehemu, kisha shavu lote kuanzia chini ya mfupa wa shavu mpaka kona ya taya. Sehemu yenye ukakasi shikilia sekunde 5.

Swali siyo "panauma?" maana ukibonyeza msuli wa mtu yeyote kwa bidii patauma. Swali ni hili: haya maumivu ni yale yale ya kichwa changu ninayoyajua? Kama ukibonyeza panja, au ukifungua mdomo mpaka mwisho, au ukisogeza taya kushoto na kulia, kile kichwa chako kinarudi chenyewe, kwa sura ile ile na mahali pale pale, basi taya lina mkono wake. Kama panauma tu kivyake na hakifanani na kichwa chako, ushahidi ni dhaifu. Fanya siku ambayo huna kichwa, siyo katikati ya shambulio, wakati huo kila kitu kinauma.

Malizia kwa kutazama dalili za kukaza: ulimi una alama za meno pembeni, ndani ya shavu kuna mstari mweupe usawa wa meno, meno yamelika bapa juu, misuli ya kona za taya imetuna. Dalili moja tu haisemi lolote, ila zikijaa zote na mkeo au mumeo anasema usiku unasaga meno mpaka anaamka, basi.

Hatua ya 4: daftari, mwezi mmoja

Daftari la shule la kawaida linatosha, au notisi za simu. Kila siku andika kichwa kimeuma au la, saa ngapi kimeanza, wapi, kichefuchefu na mwanga vilikuwepo au la, umekula nini kigumu, umelala saa ngapi, siku za hedhi, na kila kidonge ulichomeza, kila kimoja, hata kile cha kuombwa kwa jirani. Pembeni weka alama ya taya: lilikuwa gumu asubuhi? Linauma ukitafuna?

Baada ya mwezi unaona mwenyewe. Siku za taya na siku za kichwa zinatembea pamoja, au kila moja na njia yake.

Hatua ya 5: likizo ya taya

Meno yako hayatakiwi kugusana muda wote. Ukijumlisha siku nzima, kugusana kwa kawaida, kutafuna na kumeza, ni dakika chache tu. Mkazaji anamaliza hizo kabla ya saa nne asubuhi. Mkao wa kupumzika uko hivi: midomo imefungwa, meno yameachana, ncha ya ulimi juu nyuma ya meno ya mbele, pale pale ulimi unapokaa ukianza kutamka "nne". Ukikaa hivyo huwezi kukaza, jaribu.

Shida ni kukumbuka. Bandika vikaratasi vya rangi: kwenye kioo, kwenye usukani, pembeni ya kompyuta, mlango wa friji, kila ukikiona unajiuliza meno yamegusana? Madereva mtakuta mmekaza kwenye foleni tangu Ubungo. Wengine wanakaza wakiandika meseji, wakiinua ndoo, wakihesabu rejesho la kikoba. Mkazo wa mchana ndo tabia inayotibika kirahisi kuliko yote kwenye mada hii, na hautibiki kwa kifaa, unatibika kwa kujikamata.

Tazama pia kazi yako. Fundi cherehani anayeshika pini kwa meno na kukata uzi kwa meno, seremala mwenye misumari mdomoni, anayebana simu kati ya bega na sikio huku anapakia mzigo, mwanafunzi anayetafuna kalamu, wanaofungua soda kwa meno (acheni jamani). Kuegemeza kidevu kwenye kiganja muda mrefu, kulala kifudifudi shingo imepinda, na kuinamia simu kichwa kikiwa mbele ya mabega, hivyo vyote taya linavilipia.

Chakula, wiki mbili hadi tatu, laini: uji, mtori, wali wa kulainika, ugali na mlenda, maharage, samaki, ndizi za kupika, mayai. Matunda kata vipande vidogo, embe usiling'ate. Weka pembeni jojo na bazoka kabisa, miwa, mahindi ya kuchoma, karanga ngumu, barafu, nyama choma ile ya kuvutana nayo. Wenzetu wa Kenya wanaotafuna miraa kesha nzima, hiyo ni saa nyingi mfululizo za kazi kwa msuli mmoja, upande mmoja, pamoja na kitu kinachoamsha mwili na kuharibu usingizi, kichwa kikiuma kesho yake hamna haja ya uchunguzi. Ila kula laini isiwe maisha, baada ya hizo wiki rudisha taratibu, msuli ukikaa bure nao unadhoofika.

Ukipiga miayo weka ngumi chini ya kidevu uzuie mdomo usifunguke kupita kiasi. Kahawa na chai nzito acha kuanzia alasiri, pombe na sigara usiku vinaongeza kusaga meno. Kama ulianza kusaga baada ya kuandikiwa dawa za sonona kama fluoxetine au sertraline, mwambie daktari wako, ni jambo linalojulikana, usiziache mwenyewe tu.

Hatua ya 6: joto, mikono, mazoezi

Taulo dogo, maji ya moto yanayovumilika, kamua, weka panja na shavu dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku. Kama umeumia jana tu au kiungo kimevimba, siku mbili za kwanza tumia barafu iliyofungwa kitambaa, dakika 10. Na wenye kipandauso wengi wanapenda ubaridi wakati wa shambulio, sikiliza mwili wako hapo.

Baada ya joto, masaji. Vidole viwili, duara ndogo ndogo taratibu kwenye panja na shavuni, dakika 2 hivi kila upande, ukikuta fundo tulia juu yake mpaka lilegee. Mafuta ya nazi yanasaidia kuteleza ila siyo dawa yenyewe.

Mazoezi mepesi, na mepesi maana yake mepesi. Mtaalamu wa fiziotherapia wa Chile anaitwa Mariano Rocabado alipanga utaratibu unaojulikana kama 6 kwa 6, kila zoezi mara 6, mara 6 kwa siku, na la msingi kwangu ni hili: ncha ya ulimi juu, fungua mdomo mpaka pale tu ambapo ulimi bado umegusa juu, funga, mbele ya kioo, taya lishuke likiwa limenyooka. La pili weka vidole chini ya kidevu ufungue mdomo kidogo ukivisukuma polepole, sekunde 5 au 6, kisha pembeni kushoto, kulia, nguvu ya kidole kimoja tu. La tatu rudisha kidevu nyuma kama unatengeneza kidevu cha pili, kwa ajili ya shingo. Maumivu makali ukisikia, acha. Ukiona hamna mabadiliko wiki ya kwanza usikate tamaa, hesabu wiki 6 hadi 8.

Hatua ya 7: dawa, na mtego wake

Wengi wanaanguka hapa. Parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 1 kwa mara, isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, mnywaji wa pombe na mwenye shida ya ini chini ya hapo. Ibuprofen baada ya kula, siku chache tu, isiguswe na mwenye vidonda vya tumbo, figo, mjamzito bila daktari, wala mtu mwenye homa inayoweza kuwa dengue.

Sasa mtego. Ukimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko zenye kafeini, au triptani (dawa maalumu za shambulio la kipandauso), au tramadol, siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe zinaanza kuzalisha kichwa. Unaumwa kwa sababu unameza, unameza kwa sababu unaumwa, na taya hapo litafanyiwa kila masaji halitasaidia. Rudi kwenye daftari uhesabu siku, siyo vidonge. Kama umefika huko zipunguze ukiwa na daktari, kichwa kinaweza kuzidi kidogo mwanzoni kabla ya kushuka.

Kipandauso kitibiwe kama kipandauso. Dawa ya shambulio inamezwa mapema, kichwa kikiwa bado kidogo, ukisubiri mpaka unatapika haifanyi kazi vizuri. Kikija siku 4 au zaidi kwa mwezi muulize daktari dawa ya kuzuia ya kila siku. Propranolol ipo kwa bei ya chini (mwenye pumu hapana), na amitriptilini dozi ndogo usiku wengi inawasaidia kichwa, misuli na usingizi kwa pamoja. Valproeti, dawa ya kifafa inayotumika pia kuzuia kipandauso, mwanamke anayeweza kushika mimba aikatae, inaharibu mtoto.

Hatua ya 8: kama wiki 6 hadi 8 hazijatosha

Anza na daktari wa meno ahakikishe shida siyo tundu, usaha wala gego la mwisho lililolala. Kwa kiungo chenyewe tafuta daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, Dar wapo Muhimbili, Nairobi wapo hospitali ya meno ya chuo kikuu, na fizio anayejua taya na shingo, uliza kabla ya kulipia maana wengine wanajua mgongo na magoti tu. Kichwa chenye sura ya kipandauso kiende kwa daktari wa magonjwa ya neva au wa magonjwa ya ndani. Eksirei ya mataya inaonyesha mfupa, haionyeshi kisahani wala msuli, kwa hiyo "eksirei iko safi" haimaanishi huna kitu, na MRI (kipimo cha picha za ndani kwa sumaku) si ya kila mtu, ni ya aliyekwama au anayefikiria upasuaji.

Sasa utakayoambiwa. Mwaka 2023 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya taya, na vilivyopewa nafasi ya juu ni vitu vya bei ya kawaida: mazoezi ya taya na mkao chini ya usimamizi, mikono ya fizio, na tiba ya mazungumzo ya kubadili tabia na fikra. Kile kiplastiki cha kuvaa usiku kwenye meno hakikupata nafasi hiyo. Mtazamo wangu, kama unasaga mpaka meno yanalika kivae, kinalinda meno, ila kiwe kigumu, kifunike meno yote ya taya moja, na kikaguliwe mara kwa mara, vile vidogo vinavyoshika meno ya mbele tu ukivaa muda mrefu vinaweza kuhamisha meno. Usikiuzie shamba ukitegemea kitaondoa kichwa. Botox, sindano ya kulegeza misuli, iliruhusiwa Marekani mwaka 2010 kwa kipandauso sugu, yaani siku 15 na zaidi za kichwa kwa mwezi, hiyo ni habari tofauti na kuchomwa shavuni kwa ajili ya taya, ambayo mwongozo huo haukuipendekeza.

Kinachonikera ni kusaga meno mazima ili "yakae sawa", au kuvalishwa waya, au kung'oa, kwa sababu ya kichwa. Hii fikra ina historia, mwaka 1934 daktari wa masikio, pua na koo wa St. Louis, James Costen, alieleza kundi la dalili za sikio, kichwa na taya akalaumu meno yanavyofunga, madaktari wa meno wakaishi na hilo miaka mingi, na baadaye ushahidi haukulishika. Jino likishasagwa halirudi. Ukiambiwa lazima usagwe, uliza maswali matatu: hiki mnachofanya kinaweza kurudishwa? Kisipofanya kazi kinachofuata ni nini? Kuna aliyenibonyeza panja kuona kama kichwa ni kile kile? Kama hayo hayana majibu, chukua daftari lako na orodha ya dawa zako, nenda kapate maoni ya daktari mwingine kabla hujakaa kwenye kile kiti.